Jeli ya maumivu imepausha goti la mama: ni dawa, au ni kile kinachoibeba?

Binti_Pangani: Wakubwa, shikamooni. Mama yangu ana miaka 71, na hii ni wiki ya tano anapaka jeli ya diklofenaki gotini mara tatu kwa siku. Maumivu yamepungua, lakini ngozi imepauka kiasi kwamba kanga ikigusa hapo hubaki na ungaunga mweupe. Kila baada ya jeli ninampaka mafuta ya zeituni, na hali inazidi. Je, ni dawa inayoharibu ngozi, au ni vitu vinavyochanganywa ili ipenye?

Mfamasia_wa_Zamu: Pole kwa kuuguza, dada. Ninashuku vipenyezi kuliko dawa. Tabaka la juu kabisa la ngozi, lenye unene wa milimita 0.02 hivi, ni seli bapa zilizokufa na kupandiana kama makuti ya paa, na mianya yake imezibwa kwa seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Jeli nyingi za diklofenaki zina alkoholi, ambayo hulegeza mafuta hayo ili dawa ipite, na ikirudiwa kila siku huondoka na sehemu yake. Hebu soma boksi.

Mkemia_Mstaafu: Nimsahihishe mwenzangu kidogo, kwa sababu si kila kipenyezi huondoa mafuta. Asidi oleiki haiondoi kitu: molekuli yake imepinda katikati kama kiwiko, na ikijipenyeza kati ya mafuta ya ngozi, ambayo mikia yake imenyooka na kubanana, huyazuia yasikaribiane, hata pakatokea vidimbwi laini ambavyo dawa huvipita kwa urahisi. Sasa, asidi hiyo ndiyo iliyojaa katika zeituni, ingawa nyingi imefungwa ndani ya mafuta yenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha matokeo ya watu wazima waliopaka zeituni mkononi kwa wiki kadhaa: kinga ya ngozi ilidhoofika, ilhali alizeti haikuleta madhara hayo. Kabla ya kuilaumu jeli, mimi ningeanza kwa kuacha zeituni.

Binti_Pangani: Ahsanteni. Boksi linataja alkoholi ya isopropili na propilini glaikoli, na alizeti ipo jikoni. Nilisahau kusema kwamba usiku mama hulifunga goti kwa nailoni ili joto likae.

Mfamasia_wa_Zamu: Aifungue leo hii, dada. Jasho likinaswa hulowesha tabaka lile, na maji nayo ni kipenyezi, tena bila kununuliwa; kwa umri wake, dawa ikizidi kuingia kwenye damu ni mzigo kwa figo na tumbo. Alizeti apake jeli ikishakauka kabisa, na ngozi ikipasuka asipake jeli hapo mpaka daktari amwone.