Naomba ushauri: mzunguko wa miaka 33 wa vimondo vya Leonidi unanichanganya

Wakuu, habari zenu. Nachora jedwali la miaka ambayo Leonidi walimwagika kama mvua: 1799, 1833, 1866, 1966. Hesabu inakaa vizuri, kwani nyotamkia Tempel-Tuttle anayeacha vumbi hilo hulizunguka Jua kwa takriban miaka 33.

Tatizo ni 1899. Watu walikesha wakisubiri, wakaambulia vimondo vya kuhesabu. Nimesoma kwamba sayari za Mshtarii na Zohali zilikuwa zimeuvuta mkondo ule wa vumbi pembeni. Hapo naelewa. Ila kinachonivuruga ni kwamba dhoruba ya 1966 ilitokana na vumbi lililotoka kwenye nyotamkia mwaka huohuo wa 1899! Na 2001 vimondo vikawa vingi tena, miaka mitatu baada ya nyotamkia kupita karibu na Jua.

Sasa, je, niendelee kuhesabu kwa miaka 33, au niachane nayo nifuatilie kila utepe wa vumbi (vumbi ambalo nyotamkia aliliacha katika mzunguko mmoja) peke yake, kwa mwaka uliotoka? Mwenye uzoefu wa hesabu hizi anielekeze pa kuanzia. Kompyuta yangu ni ya kawaida tu, na hesabu za mvutano wa sayari sijazizoea.

Nyotamkia anarudi 2031, nataka kujua usiku upi wa Novemba nikeshe. Kwetu huo ni msimu wa vuli, mawingu hayana adabu, kwa hiyo kukesha wiki nzima kwa kubahatisha siwezi.