Naombeni ushauri: gitaa la kutengenezewa kwa mkono, uso uwe mwerezi au sprusi?

Nyuzi_Sita
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka maana usingizi umekata.

Nimeagiza gitaa la akustika kwa fundi anayejitegemea. Anafanya kazi peke yake, kwa mwaka anamaliza machache tu, na foleni yake ni ndefu. Sasa zamu yangu imefika na anataka jibu kabla ya Jumatatu: uso (ubao wa mbele wenye tundu la sauti) uwe wa mwerezi au wa sprusi, ule mti mweupe wa jamii ya msonobari? Nyuzi ni za chuma, umbo ni drednoti (lile kubwa na pana), napiga kwa vidole zaidi kuliko piki. Nimesikiliza yote mawili mpaka masikio yamechoka. Mwenye uzoefu aniambie angechagua lipi na kwa nini.

Kinubi
Mkuu, kwa vidole chukua mwerezi. Unaitikia mguso mwepesi, sauti yake ina joto, na haikuchukui miaka kuusubiri ufunguke. Kabla ya miaka ya 1960 magitaa ya klasiki yalikuwa ya sprusi karibu yote. José Ramírez wa Tatu kule Madrid ndiye aliyeufanya mwerezi mwekundu ukubalike, na wapigaji wakubwa wakamfuata. Ila ujue ni mti laini. Ukucha ukiteleza umeacha alama ya kudumu. Na ukizoea kukung'uta kwa nguvu, unafika mahali sauti haiongezeki tena, inajibana. Hapo sprusi inaushinda mwerezi.

Mpiga_Besi
Mimi nakuuliza kitu kingine: utalitunza? La kwangu nililisubiri miaka mitatu. Siku moja nikaliacha kwenye gari juani, kwa muda wa saa mbili tu. Kurudi, daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi usoni, limenyanyuka nyuma, naweza kupitisha kadi ya simu chini yake. Gundi ikipata joto inalainika, na nyuzi za chuma hazisubiri. Mpaka leo nikiliona lile pengo moyo unanidunda. Nunua kipima unyevu kwanza, hewa iwe asilimia 45 hadi 55, halafu ndiyo uongee habari za mwerezi.

FundiRanda
Nyuzi_Sita, mgongo na mbavu (mbao za pembeni) ni za mti gani? Hujasema, na mtu hachagui uso bila kujua kilicho nyuma yake.

Nyuzi_Sita
Asanteni sana. Mgongo tumeshakubaliana na fundi, hauna shida. Swali langu ni uso tu.

FundiRanda
Nauliza tena kwa heshima. Mti gani?

Nyuzi_Sita
Rozwudi. Ya zamani.

FundiRanda
Ya zamani kutoka wapi? Ubao aliohifadhi fundi, au umempelekea wewe?

Nyuzi_Sita
Sawa, wacha niseme lote.

Marehemu mzee aliacha gitaa la klasiki. Nyuzi za nailoni ziliadimika, akalifunga za chuma, likapigwa hivyo kwa miaka mingi. Sasa uso umevimba nyuma ya daraja na nyuzi zimepanda juu sana, kuanzia freti ya tano ni kuumiza vidole. Fundi aliliona kwa picha, akasema mgongo unaonekana ni rozwudi ya Brazili. Mpango ni alifungue, achukue mgongo na mbavu, atengeneze gitaa jipya ambalo naweza kulipiga. Nimeshalipa nusu. Gitaa la mzee bado ninalo, nalituma Jumatatu.

Sivunji kwa hasira. Nataka mti wa mzee uimbe tena badala ya kukaa juu ya kabati.

MamaTumaini
Pole na msiba, mwanangu. Mko wangapi kwa mzee?

Nyuzi_Sita
Wawili, mama. Mimi na dada yangu. Yeye hapigi gitaa.

MamaTumaini
Sikuuliza kama anapiga. Anajua?

Nyuzi_Sita
Bado. Nilitaka nimwoneshe likiwa limeshakamilika. Gitaa lilibaki kwangu na hakuna aliyelidai kwa miaka minne, kwa hiyo sioni kosa liko wapi. Na fundi huyu ukiikosa zamu yake, unaanza foleni upya.

MamaTumaini
Kitu cha marehemu hakigawanywi kwa kuangalia nani amenyamaza. Sisi tulipoteza cherehani ya mama namna hiyo hiyo. Kaka alibadilisha kichwa chake kwa kingine "bora zaidi" bila kumwambia mtu. Hakuwa na nia mbaya, na mpaka leo kwenye vikao vya familia kuna viti viwili haviwekwi karibu. Mpigie dada yako leo.

Kinubi
Mimi narudi kwenye sauti, maana kuna imani hapa nadhani inakupoteza. Mgongo si moyo wa gitaa. Antonio de Torres, yule Mhispania ambaye magitaa ya klasiki ya leo yanafuata umbo lake, mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Uso tu ndio aliuweka wa ubao mzuri. Alitaka kuonesha kwamba kazi kubwa inafanywa na uso, na gitaa hilo lipo makumbusho ya muziki Barcelona. Mgongo una mchango wake, sikatai, lakini ukichukua mgongo na kuutupa uso wa mzee, sauti aliyokuwa akiipiga ndiyo umeitupa.

Nyuzi_Sita
Uso wake umeshaharibika, Kinubi. Huo hauokoleki.

FundiRanda
Nani amekwambia hauokoleki? Seti nyepesi ya nyuzi za chuma inavuta kama kilo 70 na zaidi. Za nailoni ni kama 40. Ndani ya gitaa la klasiki kuna viunzi vyembamba vilivyotandazwa kama kipepeo cha mkono, havikujengwa kubeba mzigo huo. Gitaa la chuma lina viunzi vilivyopishana kama herufi X kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo uso umevutwa, na inawezekana kiunzi kimoja au viwili vimeachia. Kiunzi kilichoachia kinagandishwa kupitia tundu la sauti, na hiyo kazi nimeifanya mara nyingi. Ingiza kioo kidogo na tochi, uangalie.

Jambo la pili. Fundi wako yuko nchi yako?

Nyuzi_Sita
Hapana, yuko nje.

FundiRanda
Basi simama. Rozwudi ya Brazili iko Kiambatisho cha Kwanza, kile kikali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1992. Ile nafuu ya mwaka 2019 kwa ala za muziki zilizokamilika iliwahusu ndugu zake walio Kiambatisho cha Pili, akiwemo mpingo. Hii haimo. Ukilivusha mpaka bila kibali, forodha wana haki ya kulizuia, na hutapata la zamani wala jipya. Halafu kwa picha hakuna anayeweza kuapa ni ya Brazili na si ya India. Hata mimi siwezi.

Msomaji_Kimya
Samahanini wakuu, nasoma huu uzi tangu bandiko la kwanza na naona mnakunywa chai.

Mwanzo ilikuwa mwerezi au sprusi. Kisha rozwudi ya zamani. Kisha marehemu mzee. Kisha dada asiyejua. Kila mkibana, inaongezeka sura. Picha hakuna hata moja. Na kubwa kuliko yote: mbavu za gitaa la klasiki zimeshapindwa kwa umbo dogo, ukizitoa ni vipande vya milimita mbili hivi vilivyokauka. Unazinyooshaje ziwe drednoti? Fundi yeyote wa kweli angesema hivyo dakika ya kwanza. Hakuna fundi, hakuna gitaa.

Mpiga_Besi
Duh. Hapo kwenye mbavu kweli mtoa mada hajajibu.

Kinubi
Kama ni ya kutunga, katunga vizuri. Mimi nishakula mwerezi wote.

MamaTumaini
Hata kama ni ya kutunga, wenye magitaa ya wazee juu ya kabati wanaisoma. Mwacheni ajibu.

Nyuzi_Sita
Nimekaa na haya maneno tangu asubuhi. Msomaji_Kimya, umeniumiza, ila swali lako la mbavu sikuwa na jibu lake, kwa hiyo nimeshusha gitaa na kulipima.

Mgongo ni sentimita 36.5 penye upana. Mchoro wa fundi unataka karibu 40. Nilimpigia, akasema mbavu atatumia mpya, na mgongo ataupachika kipande cha katikati uwe vipande vitatu, kama kampuni ya magitaa ya Martin walivyofanya kwenye modeli yao ya D-35 mwaka 1965 mbao pana za Brazili zilipokuwa ngumu kupatikana. Nikafurahi. Kisha nikapima urefu. Wa mzee ni 48.5. Mchoro ni 50.8. Nikamuuliza sentimita mbili za urefu anazitoa wapi. Akanyamaza, akasema hakuwahi kuuliza kipimo, alidhani lilikuwa gitaa la chuma tangu mwanzo, kwa sababu kwenye picha lina nyuzi za chuma. Kosa hilo ni langu, sikumwambia.

Halafu nikafanya ulivyosema, FundiRanda. Kioo cha kunyolea na tochi ya simu. Viunzi viwili upande wa nyuzi nene vimeachia, unaona mstari mweusi kati yake na uso. Lakini nilichokutana nacho mgongoni ndicho kilichonikalisha chini. Kuna ufa mrefu ambao sikuwahi kuujua, kwa nje umezibwa na vanishi. Kwa ndani mzee aliushika kwa vipande vitatu vya rula ya mbao ya shule. Kimoja bado kina tarakimu: 7, 8, 9. Kwenye kioo zinasomeka kinyumenyume.

Nikampigia dada. Nilianza na habari ya fundi, nikamwambia mpaka malipo. Hakusema kitu mpaka nilipofika kwenye rula. Akasema rula ni yake. Aliitafuta wiki nzima akiwa darasa la tatu, na mzee alimsaidia kuitafuta.

Amesema lisitoke ndani mpaka aje alione.

MamaTumaini
Ahsante kwa kumpigia, mwanangu.

Msomaji_Kimya
Nafuta neno langu. Samahani, mkuu. Kama hutajali, tuwekee picha ya hiyo rula.

FundiRanda
Sasa sikiliza. Mwandikie fundi kwamba zamu unaitaka, ila mgongo atoe wa kwake. Fundi wa namna hiyo huwa ana mbao zake alizozikausha kwa miaka, na atakushukuru. La mzee mtafutie mtu wa karibu agandishe viunzi, kisha lirudishiwe nailoni. Ufa usiguswe kama haujafunguka, ile rula inafanya kazi yake. Na usiku huu huu legeza nyuzi zote, polepole, zamu kwa zamu, usikate hata moja. Uso upumzike.

Nyuzi_Sita
Nimelegeza. Ya sita imebaki inaning'inia kama kamba ya nguo. Nimeweka rula ya chuma juu ya uvimbe, bado upo, lakini mwanga wa chini yake umepungua kidogo.

Fundi amejibu. Ana mahogani, amekaa nayo tangu hajaanza kuuza magitaa. Anauliza tena: mwerezi au sprusi?

Kinubi
Kwa mahogani? Sprusi. Nipe dakika nikueleze.