Mrejesho: kigarimoshi changu kimekubali kutembea

Wandugu, wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini kigarimoshi changu cha mota ya umeme, mfano wa garimoshi la mvuke kwa kipimo cha 1:87 (kidogo mara 87 kuliko la kweli), kile cha kutoa kwenye boksi na kuweka relini, kinashtuka-shtuka na kuzima kwenye kona. Wengi mlisema mota imekufa. Haikufa.

Yaya mmoja, yaani mkubwa wangu wa humu, alinishauri nikigeuze chali. Kumbe! Magurudumu yana gamba jeusi, na kibamba kimoja cha shaba, kile kinachochukua umeme nyuma ya gurudumu, kimepinda, hakigusi kitu. Nikakinyoosha kwa sindano, polepole. Kisha nikasugua magurudumu kwa kitambaa chenye alkoli mpaka kikawa cheusi kama cha muuza makaa. Tone moja la mafuta mepesi kwenye giya, basi.

Umeme wa hapa Lubumbashi mnaujua, unakatika-katika, kwa hiyo natumia betri ya pikipiki ya volti 12 na kidhibiti mwendo. Fyuzi lazima, betri haina huruma nyaya zikigusana.

Baba mdogo, mzee wa reli, amenicheka: njia yetu ya reli huku ina upana wa milimita 1067 kati ya reli mbili, kwa kipimo cha 1:87 ingekuwa kama milimita 12, yangu ni 16,5. Acha acheke. Aksanti sana, yaya.