Kikundi cha ukoo: Maswali kwa Zuhura, anayesoma anatomia (elimu ya maumbile ya mwili) chuoni Dundee, Scotland, Uingereza

Mama Mdogo Asha: Zuhura mwanangu, hujambo? Nasikia kwa mama yako mnashika maiti kutwa nzima. Usingizi unaupata kweli?

Zuhura: Shikamoo mama mdogo. Nalala vizuri, wiki za mwanzo ndiyo zilinitesa. Huku miili haikakamai kama ile ya formalini, dawa ya kuhifadhi maiti, tuliyosomea nyumbani. Wanatumia njia ya kuhifadhi aliyoibuni Walter Thiel wa Graz, Austria. Kiwiko kinakunjika, msuli una rangi yake. Jana nimevuta kano moja hapa juu ya kifundo cha mkono, ncha ya kidole ikajikunja. Msuli ule nilikuwa nimeukariri jina tu!

Mjomba Salim: Maiti hizo wanazitoa wapi? Isije ikawa za watu wasio na ndugu.

Zuhura: Hapana mjomba, kila mmoja alitia saini akiwa hai, mbele ya shahidi. Ndugu hawawezi kumsemea. Ila unachohofia kilikuwepo. Mwaka 1828 wauaji wawili, Burke na Hare, waliua watu 16 mjini Edinburgh, huku huku Scotland, wakamuuzia miili Dokta Robert Knox, mwalimu wa anatomia. Burke alinyongwa 1829, mifupa yake iko makumbusho ya chuo kikuu pale pale. Ikaja sheria ya 1832, nayo ikaruhusu maiti za mafukara zisizo na mwenyewe zitumike kufundishia. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mama Mdogo Asha: Subhanallah. Sasa hao wa leo wanakumbukwa?

Zuhura: Kila mwaka kuna ibada yao, familia zinaalikwa. Picha marufuku. Mimi kabla ya kushika kisu nawashukuru kimoyomoyo.

Hemedi: Dada, nataka kuomba chuo huko, nianze Septemba. Wifi yako naweza kuja naye?

Zuhura: Kwa uzamili wa kozi, yaani wa kusoma darasani, tangu Januari 2024 mke na watoto hawaruhusiwi. Wanaoruhusiwa kuja nao ni wanafunzi wa shahada za utafiti, au wanaofadhiliwa na serikali kwa kozi ya zaidi ya miezi sita. Zungumza naye kabla hujajaza fomu, tafadhali. Na ada ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, unailipa ukiomba viza. Hela ya ada na ya kujikimu ikae benki siku 28 mfululizo, kipimo cha kifua kikuu pia.

Mjomba Salim: Mh, hela hizo! Na ukimaliza wewe?

Zuhura: Nirudi kufundisha, mjomba. Huko nyumbani tulikuwa tunachungulia mwili mmoja juu ya mabega ya wenzetu, wa nyuma hawaoni kitu. Nataka wanafunzi wangu washike kwa mikono yao.

Mama Mdogo Asha: Inshallah mwanangu. Vaa sweta.

Hemedi: Nitumie orodha ya vyeti basi.

Zuhura: Jioni, nikitoka maabara.