Naomba ushauri: mashua nzito mchangani na majini

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu mashua ya mbao ambayo familia yetu huitumia kwa uvuvi hapa Mombasa, upande wa Bamburi. Tunapoivuta kuelekea majini, huteleza vizuri pale mchanga ulipolowa na kushikana, lakini juu zaidi, penye mchanga mkavu, mkuku, yaani boriti ya chini kabisa ya mashua, huchimba na kurundika mchanga mbele yake, hata vijana wenye nguvu wakashindwa. Je, magogo ya kuviringisha yanafaa kuliko mbao zilizopakwa mafuta?

Linalonisumbua zaidi ni la baharini. Sehemu ya chini imeota mwani na kugandwa na viumbe wenye magamba magumu, na kwa kuwa ukinzani wa maji huongezeka takriban mara 4 mwendo unapoongezeka maradufu, injini hutumia mafuta mengi kila tukiharakisha, jambo linaloumiza sana kwa bei za sasa. Wazee hupaka deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Wengine hupendelea rangi yenye shaba, ambayo nahofia itadhuru viumbe vya miamba yetu. Kwa wenye uzoefu, ni ipi hudumu, na mashua ikwanguliwe kila baada ya muda gani?