Kuwarekodi polisi na maafisa wa uhamiaji hapa Marekani: ni haki au ni kujitafutia balaa?

Mama Neema: Jumapili mchungaji katuambia maafisa wa uhamiaji wakija mtaani tusishike simu, turudi ndani. Mwanangu anasema sheria inaruhusu kurekodi. Tumsikilize nani?

Kibwana: Mwanao. Ukiwa mahali pa umma na hujawazuia kazi, rekodi. Mahakama ya rufaa ya Boston ilishasema hivyo mwaka 2011. Mwanasheria aliwarekodi polisi wakimkamata mtu bustanini, wakamkamata na yeye, akashinda. Na simu hawaipekui bila hati ya hakimu, Mahakama ya Juu, 2014. Uwanja wa ndege, unapoingia nchini, ni habari nyingine: pale wanaweza kuipekua bila hati.

Mzee wa Uvira: Haki ya kwenye karatasi. Raia arekodi, sisi wenye kesi za uhamiaji tukae kimya. Nyinyi wa bahati nasibu ya visa mnapenda sana kutufundisha ujasiri.

Kibwana: Bahati nasibu imeingiaje hapa, mzee wangu? Nimelipa ada, nimepimwa, nimehojiwa ubalozini. Grinikadi, kibali changu cha ukaazi, sikuiokota njiani.

Dada wa Kakuma: Na sisi wa kambini nani alituokotea? Tumehojiwa mpaka majina ya marehemu wetu.

Kijana wa Minneapolis: Jamani! George Floyd, aliyeuawa na askari hapa kwetu Minneapolis, 2020. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema amefariki kwa tatizo la kiafya. Binti wa miaka 17 ndiye aliyerekodi, na askari akafungwa. Bila ile simu tungeambiwa nini?

Mzee wa Uvira: Binti yule ni raia. Wa kwangu akikamatwa, wakili utamlipa wewe?

Mama Neema: Nimeuliza habari ya simu, nyinyi mnashindana nani kateseka. Mimi nina grinikadi, kesi ya mume wangu ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado. Nirekodi?

Kibwana: Rekodi wewe, yeye abaki ndani. Simama mbali, wakisema rudi nyuma, rudi huku unarekodi. Zima kufungua simu kwa sura, weka namba ya siri. Na mlango usifungue mpaka uione saini ya hakimu, maana zile hati za uhamiaji wanasainiana wenyewe.

Dada wa Kakuma: Usiiposti hapo hapo, dada. Sura za majirani zinaonekana.

Mzee wa Uvira: Grinikadi si uraia, Mama Neema, mumeo na watoto wanakutegemea. Na wewe Kibwana, neno langu la bahati nasibu silirudishi.

Kibwana: Basi na mimi sinyamazi, mzee.