Ukoo wa Kibokoni: MGB ya Hafidh yazimika M69

*JUMAMOSI*

*Hafidh (Coventry), 14:12*
Assalaam alaykum jamaa. Ami Salim, ukipata nafasi nakuomba. Ile MGB yangu, gari ya zamani ya 1970, imenizimikia barabara kuu ya M69, karibu na Hinckley. Nimeiweka pembeni. Mwezi huu imeshanifanyia hivi zaidi ya mara moja na sasa nataka tuimalize.

*Shangazi Rukia (Leicester), 14:14*
Wa alaykum salaam. Uko nje ya gari? Usikae ndani na malori yanapita.

*Hafidh, 14:15*
Niko nje shangazi, nyuma ya chuma cha kando.

*Ami Salim (Mombasa), 14:21*
Wa alaykum salaam mwanangu. Usifungue kitu. Niambie kwanza ilivyozima. Ilikata ghafla, au ilianza kukohoa na kupoteza nguvu?

*Hafidh, 14:22*
Ilipoteza nguvu ami. Nikikanyaga mafuta inakataa, nikilegeza mguu inashika kidogo. Ikaenda hivyo mpaka ikafa.

*Ami Salim, 14:24*
Na mshale wa mizunguko ya injini ulifanyaje? Injini imekata, gari bado inatembea na gia imo.

*Hafidh, 14:25*
Ulishuka polepole pamoja na mwendo wa gari.

*Ami Salim, 14:29*
Vizuri sana, hiyo imetupunguzia kazi nusu. Saa ya mizunguko ya MGB ya 1970 inasoma umeme wa koili ya moto wa plagi. Pointi, vile visahani vinavyokata na kuunga umeme wa koili, au koili yenyewe zikikata, mshale huanguka sifuri papo hapo hata kama magurudumu bado yanaizungusha injini. Wako umeshuka taratibu, kwa hivyo umeme wa koili haukukatika. Naanza na hili kila mara kwa sababu wengi hufungua kabureta, zinazochanganya petroli na hewa, wakazichezea mpaka zikaharibika kweli, na ugonjwa ulikuwa kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kando ya pointi. Wewe tutafute mafuta.

*Faraj (Birmingham), 14:33*
Hafidh, nunua pampu mpya ya mafuta tu. Kuna moja naiona mtandaoni, inaletwa kesho.

*Ami Salim, 14:34*
Faraj, pesa zikae mfukoni. Bado hatujajua.

*Zuhura (Leicester), 14:36*
Shikamoo babu. Haiwezi kuwa petroli ya E10? Hapa Uingereza tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ina ethanoli hadi asilimia 10, na magari ya zamani yanashauriwa E5, yenye ethanoli hadi asilimia 5.

*Hafidh, 14:38*
Natia E5 daima, ile super. Lakini mipira ya mafuta, yale mabomba laini chini ya gari, niliikuta nayo, sijui ina umri gani.

*Ami Salim, 14:42*
Marahaba Zuhura. Swali zuri, mipira hiyo itabadilishwa, maana ethanoli inailainisha kwa ndani. Ila mpira uliopasuka upande wa kuvuta, kati ya tangi na pampu, una dalili yake: pampu hunyonya hewa, na ukisikiliza inatia tiki-tiki bila kupumzika. Hafidh, ilipozima ulisikia pampu?

*Hafidh, 14:43*
Haikulia kabisa. Nilifungua swichi, kimya. Sasa nimefungua tena baada ya kungoja, inalia, na injini imewaka! Naenda nyumbani polepole.

*Ami Salim, 14:44*
Nenda kwa salama. Ukifika, swichi ifunguliwe bila kuwasha injini, unirekodie sauti ya pampu.

*Hafidh, 15:50*
[Ujumbe wa sauti, 0:19]

*Ami Salim, 16:05*
Nimesikiliza mara mbili. Imelia haraka kidogo, ikapunguza, ikanyamaza. Ndivyo inavyotakiwa. Bakuli za kabureta zote mbili zimejaa, sindano zinazozuia mafuta yasizidi zimefunga, hakuna hewa inayoingia. Pampu hii naijua kwa sikio. Morris Minor zilizokuja Mombasa zilikuwa na pampu za kampuni ya SU, za ukoo huohuo.

Sasa sikilizeni vizuri, na Zuhura unayesomea mambo haya. Ndani ya pampu mna koili na springi. Koili inavuta kiwambo, ile ngozi nyembamba inayosogea, nyuma, mafuta yanaingia kutoka tangini. Kiwambo kikifika mwisho, pointi zinaachana, umeme unakatika, springi inasukuma mafuta mbele kwenda kwenye kabureta. Kwa hivyo pampu kunyamaza kuna maana mbili. Mbele kukiziba, au bakuli zikijaa, springi haina pa kusukuma: pointi ziko wazi, umeme haupiti, pampu ni baridi. Nyuma kukiziba, koili inavuta haifiki mwisho, pointi zinabaki zimefunga, umeme unapita tu, na pampu inachemka. Kimya hiki na kimya kile si kimoja, na mkono ndio unaovitenganisha.

*Faraj, 16:08*
Na joto je ami? Mafuta kuchemka ndani ya bomba?

*Ami Salim, 16:10*
Hutokea, hasa siku ya jua kali kwenye foleni. Leo huko kuna digrii ngapi?

*Hafidh, 16:11*
Tisa. Na nilikuwa naenda maili 60, upepo tele.

*Ami Salim, 16:12*
Basi joto tuliweke kando. Hafidh, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani leo?

*Hafidh, 16:14*
Nilijaza asubuhi mpaka juu. Ajabu ni kwamba wiki iliyopita nilienda mji wa Rugby na kurudi tangi likiwa nusu, haikunisumbua hata kidogo.

*Ami Salim, 16:15*
Na kifuniko cha tangi ni kilekile cha zamani?

*Hafidh, 16:17*
La. Nilinunua kipya majira ya baridi, kina ufunguo. Muuzaji alisema kinaingia MGB zote.

*Ami Salim, 16:18*
Kuingia kinaingia. Kinapumua, yaani kinaruhusu hewa iingie mafuta yakipungua?

*Zuhura, 16:26*
Babu, nimepiga hesabu! Tangi ni galoni 12, kama lita 54. Tuseme kifuniko hakipumui na tangi limejaa, juu imebaki nafasi ya hewa lita 3. Injini ikinywa lita 3, mwendo wa kilomita 30 hivi, hewa ileile sasa imetanda lita 6, presha yake imeshuka nusu. Mvuke wa petroli hujaza kiasi fulani lakini hautoshi. Tangi likiwa nusu, nafasi ni lita 27, ukinywa 3 presha inashuka kidogo tu. Ndiyo maana Rugby alifika!

*Ami Salim, 16:28*
Mashallah. Hesabu yako na sikio langu zimekutana. Tangi linavuta upande mmoja na pampu upande wa pili, na pampu hii haina ubavu wa kupambana na tangi. Ukingoja, hewa inapenya taratibu, gari inawaka, mtu anadhani ni joto.

Lakini bado ni dhana. Kesho jaza tangi, upite barabara ndogo, motorway usiende. Ikizima, weka mkono kwenye pampu kwanza. Kisha fungua kifuniko huku swichi imewashwa na usikilize. Sigara isiwe karibu na mtu yeyote.

*JUMAPILI*

*Hafidh, 11:37*
AMI! Imezima njia ya Kenilworth. Pampu kimya na moto. Nimefungua kifuniko, kikavuta hewa fyuuu sekunde kadhaa, pampu ikaanza kulia mbio kisha ikatulia. Injini imewaka mara moja.

*Shangazi Rukia, 11:39*
Alhamdulillah! Kwa hiyo kifuniko tu?

*Ami Salim, 11:44*
Kifuniko tu. Tafuta chenye tundu la kupumua, ukipuliza kwa mdomo hewa ipite. Mpaka ukipate, gari ikae nyumbani. Usiendeshe tangi likiwa wazi, petroli itamwagika kwenye kona.

*Faraj, 11:46*
Nimejifunza leo. Pampu ningeinunua na gari ingezima vilevile.

*Ami Salim, 11:52*
Bado kuna kazi mbili Hafidh. Mipira yote ya mafuta ibadilishwe, uchukue iliyopigwa chapa R9, inavumilia ethanoli. Na pampu imechemka mara nyingi ikiwa imekwama, kwa hivyo nataka kuziona pointi zake. Vua kofia nyeusi ya mwisho, piga picha ya karibu. Zikiwa na mashimo meusi tutazibadilisha kabla hazijakulaza njiani. Kumbuka betri za gari hiyo ni mbili za volti 6, nyuma ya viti. Chomoa waya kwanza.

*Hafidh, 11:55*
Inshallah Jumamosi baada ya adhuhuri. Ahsante sana ami, Mungu akuzidishie.

*Zuhura, 11:56*
Nakuja nikushikie taa.

*Ami Salim, 11:58*
Iwe tochi ya betri, ya kuvaa kichwani. Taa ya balbu yenye waya msiishushe chini ya gari mafuta yakiwa wazi. Na mje na kopo la chuma: mtachomoa bomba kwenye kabureta, mfungue swichi dakika moja, mnipimie kilichotoka. Ikipungua nusu lita, tutalitazama chujio lililo ndani ya tangi.